Picha Yako Kituoni

Handsworth, Birmingham, Uingereza

Mjukuu wangu Jodene,

Natumaini huko Kingston kuna jua, na shangazi yako anakulisha vizuri. Huku mvua haikomi, na pilipili zangu za dirishani zimekataa kuzaa.

Picha yako ingali kwenye kituo cha basi. Unatabasamu chini ya maneno ya tangazo la chuo chako: "Hapa ni Kwenu." Jana jirani yangu, Bi Icilda, alipaza sauti kituo kizima kisikie: "Verna we, si balozi wetu wa usawa wa rangi huyo! Anahitimu lini? Au unatuficha karamu?" Nikamjibu, "Mungu akipenda." Sikusema kwamba uliacha masomo mwaka jana, ulipochoka kupigwa picha huku mapendekezo yako ya mtaala yakikaa bila majibu.

Sasa mpangaji wa Bi Icilda, Tamika, anasoma historia hapo chuoni. Mhula huu wanafundishwa maasi ya watumwa wa Jamaika, kwa vitabu vilevile ulivyovidai. Aliuliza ni nani aliyelipigania somo hilo, mhadhiri akasema, "Kamati."

Nilimpeleka Tamika kituoni, nikamwonyesha picha yako. Akaitazama sana.

"Bibi, huyu dada hukaa wapi? Mbona sijawahi kumwona chuoni?"

Nilijifanya natazama kama basi linakuja.

Chuo kimesema nafasi yako ya mwaka wa mwisho ingalipo mpaka Septemba. Sikuombi urudi kuwatabasamia. Rudi uketi katika somo lako, hata ukiwa umenuna.

Bibi yako,
Verna Pusey