Mtaro Unaopinda Mbele ya Duka Letu

Jumamosi. Jua limewaka tangu asubuhi, vumbi limeificha milima.

Jumatatu greda la barabara linaingia mtaani kwetu. Wiki moja iliyopita ningeandika sentensi hiyo huku nikicheka peke yangu.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya wenye maduka wa mtaa huu wa katikati ya Kasese. Nimepiga miguu kwenda manispaa kuomba lami na taa mpaka askari wa getini akawa ananiita afande. Watu walinishauri nihamishie ushonaji barabara kuu, kwenye malori ya saruji ya Hima na wateja wenye haraka. Nilikataa. Babu yangu alitoka Kenya kuja kushona overoli za wachimba shaba wa Kilembe, halafu akafungua duka hapa mjini. Mgodi ulipofungwa, maduka yalifungwa moja baada ya jingine, tukabaki sisi na mbuzi. Baba hakuondoka. Mimi pia sikuondoka, na sasa rangi mpya zinapakwa, vyumba vilivyokuwa na popo vina wapangaji, na mtu anaweza kunywa chai nje bila kuonekana amepotea njia.

Naupenda mtaa huu kuliko inavyonifaa. Nadhani hapo ndipo nilipoteleza.

Injinia wa manispaa alitupa upana wa barabara, akasema tuanze kupima kwenye ukingo wa mtaro wa zamani upande wetu, na kitakachozidi upande wa pili kivunjwe. Mkutano wa kamati ulikuwa kwenye baraza la duka letu, kwa hiyo tulianzia hapo hapo miguuni petu. Tuliunga futi zangu za kushonea kwa pini, watu wakicheka, na nani angebisha? Nusu ya mji huu imevaa vipimo vyangu. Tulipofika ng'ambo, futi iliishia ndani ya maduka matatu. Yakapakwa alama nyekundu ya kuvunjwa. Duka letu halikuguswa hata tofali moja, nami nikasema tumebahatika.

Duka lililoumia zaidi ni la Maman Kavugho. Alitoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, akaingilia Bwera na mabunda mawili ya vitenge, na baada ya miaka ya kuuza chini ya mwavuli ndipo akapata chumba kinachotazamana na chetu. Chumba chote cha mbele kinaondoka.

Leo mchana baba alikuwa barazani, akishona vifungo kwenye mashine ya babu kama kila siku. Macho yake ni mabovu kwa uzi lakini si kwa barabara. Nilikuwa namsifia jinsi mtaa utakavyopendeza. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Hiyo mtaro haikuwa hapo," alisema. "Mzee wangu alisongesha yeye mwenyewe, Jumapili moja, watu wakiwa kanisani. Alitaka baraza."

Nikamuuliza mtaro ulikuwa wapi.

"Chini ya hii mashine."

Nilichukua mkasi mkubwa, nikageuza mpini, nikagonga sakafu. Karibu na mlango sauti ilikuwa nzito. Chini ya mashine ililia kama debe tupu; mtaro wa kwanza bado uko pale chini.

Halafu nikatoka nje nikautazama mtaro wote. Umenyooka mtaa mzima, ila kwetu tu unajitokeza barabarani, unazunguka baraza letu, kisha unarudi mahali pake. Maisha yangu yote nimeuruka mtaro huo. Mtu akiniletea sketi yenye pindo lililokwenda upande namwambia aivue hapo hapo. Hili sikuliona, na najiuliza kama ni kutoona au ni kutotaka.

Tulianza kupima kwenye wizi wa babu, na upana aliouiba umekatwa kwenye maduka ya ng'ambo. Wizi ndilo neno lenyewe, nimezunguka nalo tangu hapo na halibadiliki.

Saa tisa Maman Kavugho alivuka kuja kutusalimia. Nikampa kiti, na akakaa pale pale sakafu ilipolia.

"Maman Président, minaanza kutosha mbao za rafu," alisema, msumari aliong'oa bado uko mkononi. "Ni weye njo ulipima, basi mi sina na matata."



Nilimmiminia chai, nikamuuliza habari za watoto. Moyoni nilikuwa napanga sababu: nikisema, kamati itagombana, kisha greda litapelekwa mtaa mwingine. Nikisema, nani ataamini tena futi yangu? Na baba je? Mstari ukirudi mahali pake, baraza lote linakwenda, na hapo ndipo amekaa tangu alipofundishwa kushona. Ndani kuna giza, hataona sindano. Kila sababu ilikuwa nzuri, na nilijichukia kwa kila moja.

Alipoondoka nilimgeukia baba kwa hasira. Kwa nini hukusema siku ya kupima? Akasema siku ile alidhani nitaliona mwenyewe. Na kwa nini leo?

"Tangu asubuhi nakaa hapa namwona yule mama anatoa mbao," akasema. "Nimechoka kumwangalia."

Nilikuwa nimeshaanza kumhesabu kati ya sababu zangu za kunyamaza. Nilitoka na chaki na futi. Baba alishika mwanzo wa futi kwenye ukingo wa jirani, pale ambapo mtaro bado umenyooka, nami nikapiga mstari kuvuka baraza letu. Umepita katikati ya miguu ya mashine ya babu. Mstari una kona moja mbaya, lakini ni mstari wa kweli.

Kesho baada ya misa kamati inakaa kwetu. Nitagonga sakafu wasikie wenyewe. Namjua yule wa duka la simu, mmoja wa wale watatu waliopakwa nyekundu, atapiga kelele, na ana haki.

Ila najijua pia. Usiku mmoja unanitosha kupata sababu nyingine nzuri. Kwa hiyo kabla ya kufunga duka nilivuka barabara, nikamkuta Maman Kavugho ameshika ubao wa mwisho, nikamwambia azirudishe mbao zake zote.

"Juu ya nini?" akauliza sababu.

Nikamwambia atajua kesho. Alinitazama sana, kisha akachukua nyundo. Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya mstari wa chaki, na ng'ambo nasikia misumari ikigongwa.