Bawabu wa Barua, Mlangoni Hakuna Anayesubiri

Mwaka mmoja umekwisha, Mama, tangu ulipovua miwani yako na kutuacha.

Kiti chako bado kiko karibu na dirisha. Kompyuta bado iko juu ya meza ya cherehani, pale pale ulipoiweka kwa sababu ulisema mwanga ni mzuri. Dada yako alitaka tuifunike kitambaa. Nikamwambia, "Shemeji, kitu kinachofanya kazi hakifunikwi." Akanuna, halafu akakitumia kitambaa chenyewe kufutia vumbi la kioo. Sasa kila akija anaanza na hicho kioo kabla hajatusalimu sisi.

Wengi walikujua kama mkutubi wa maktaba ya mtaa. Uliwasamehe faini waliochelewesha vitabu, ili mradi tu walikuwa wamevisoma mpaka mwisho, na uliwauliza maswali ili kuhakikisha. Binti yetu anasema hata yeye, mtoto wa kumzaa, hakupona. Alilipa.

Lakini ulikuwa na kazi nyingine ambayo majirani hawakuielewa, nami nilichukua muda mrefu kuielewa. Maktaba ilipoletewa programu ya kuazimia vitabu, ilikuwa programu huria: hainunuliwi, na anayetaka anaruhusiwa kuifungua, kuona ilivyoundwa na kuitengeneza. Watu wanaoitunza hawana ofisi. Wanakutana kwa barua pepe. Ukiandika kwenye anwani yao moja, barua yako inawafikia wote, na wote wanaweza kukujibu.

Uliwaandikia kwa sababu vitabu vilivyorudishwa viliendelea kuonekana kama viko nje. Barua yako ilianza hivi: "Samahani, sijui kama hapa ndipo mahali pake." Kwenye anwani ile, ambayo wenyewe huiita orodha, barua ya kwanza ya mgeni haiingii moja kwa moja. Inasimama nje mpaka mtu aitazame, ahakikishe si tangazo la walaghai, ndipo aifungulie. Aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa amechoka nayo. Barua yako ikakaa nje majuma. Nakumbuka ulivyosema ukikunja nguo: "Basi, hawanitaki."

Walipoifungua hatimaye, walikujibu vizuri, na hitilafu ikarekebishwa. Ukawashukuru, kisha ukaomba jambo moja tu: upewe wewe kazi ya kufungua. Wakakupa, wakakubatiza Bawabu, na jina likaganda.

Tangu hapo kila asubuhi ulianza na foleni ya barua zilizosimama nje.

"Kuna mtu anapiga hodi," ulikuwa ukisema.

"Chai inapoa, Mama."

"Chai itapashwa moto. Mtu akishavunjika moyo hapashwi."

Ukazileta adabu zao nyumbani kwetu. Watu wa orodha hujibu chini ya swali, si juu yake, na hukata maneno wasiyoyajibu. Kabla ya kuuliza, wanatafuta kwanza katika barua za zamani. Basi nikiuliza soksi zangu ziko wapi, unaniambia, "Ulishauliza juzi, tafuta jibu lilelile." Nikianza na bili ya maji nikaishia kwa kaka yako, unainua kidole: "Hiyo ni mada nyingine, Baba watoto. Ifungulie barua yake." Kijana wetu fundi umeme anasema mpaka leo anabishana na mkewe kwa utaratibu huo, na nyumba yao ina amani.

Mimi niliyesoma madarasa ya jioni, nikitoka kazini na rangi za kuta kwenye kucha, sikupenda kuachwa nyuma. Ukaniingiza kwenye orodha nisome tu. Ulisema nitajifunza kuandika kwa kuwasoma watu wanaofikiri kabla ya kuandika. Nilisoma kila barua. Hata zile za msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, ambazo sikuzielewa, nilizisoma kwa heshima.

Ndipo ukaja ugomvi ule. Fundi mkongwe, aliyeandika sehemu yote ya kuazima, aligombana na mwalimu mmoja wa hesabu aliyetaka sehemu hiyo iandikwe upya. Kwanza walibishana juu ya msimbo. Kisha wakaacha msimbo wakashambuliana wao wenyewe. Mwalimu akaandika kwamba kazi ya mkongwe ni kibanda kilichopigwa viraka. Mkongwe akajibu kwamba Jumatatu anachukua nakala yake anaondoka kuanzisha programu yake, na atakayemfuata amfuate. Ruhusa anayo, ndiyo maana ya kuwa huria.

Hukula vizuri siku zile. Uliniambia, "Wakigawanyika, kila upande utabaki na nusu ya watu. Maktaba ndogo kama yetu zitamwuliza nani?" Jumamosi ulibaki maktaba baada ya kufunga, ukiandika barua ya kuwapatanisha, ukifuta, ukiandika tena. Kwa wakati huo uliwatumia mistari miwili tu kwamba wangojee, barua inakuja.

Mimi nilikuwa nyumbani na sufuria. Nikafungua barua yako hiyo, nikabonyeza Jibu, nikaandika hivi:

"Mama watoto, maharage yameiva zamani na sasa yananitazama. Hao watu wako wamekula, ndiyo maana wana nguvu za kugombana. Njoo ule. Na huyo mzee wa kuazima mwambie naye akale kwanza, kisha aondoke akiwa ameshiba. Mimi nimepaka rangi nyumba nyingi, na sijaona ukuta usio na kiraka."

Sikujua kwamba kwenye orodha ile ukimjibu mmoja umewajibu wote.

Kabla sijaosha vijiko, majibu yakaanza kumiminika. Mkutubi mmoja aliuliza kama maharage yana nazi. Mwingine akasema kwao pia yameiva, tukutane baadaye. Kisha akaandika mwalimu wa hesabu: "Mzee wa kuazima, umekula?" Mkongwe akajibu, chini ya swali kama inavyotakiwa: "Bado. Nakula sasa. Tuzungumze kiraka kimoja kimoja." Jumatatu ikafika na hakuondoka mtu. Tangu siku hiyo, mjadala ukipamba moto pale, kuna atakayeandika "Maharage yameiva," na watu hupumua.

Wewe ulirudi nyumbani umekaza uso. "Umeniaibisha mbele ya watu, Baba watoto," ulisema, ukala sahani mbili. Nikaandika barua ndefu ya kuomba radhi. Ukanisahihishia koma.

Ulipolazwa, hukuuliza habari za nyumba. Uliuliza, "Nani atafungua mlango?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe? Wewe unayejibu juu ya swali?" Ulicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Halafu ukanishika mkono, ukasema, "Mtu asilale nje."

Baada ya mazishi fundi mkongwe alinielekeza kazi kwa barua, hatua kwa hatua, kwa upole wa mtu aliyepungukiwa kama mimi. Akaniandikia kwamba kila barua ya kwanza ya mtu lazima isimame nje, bila upendeleo.

Nikamwuliza, "Hata za jamaa wa bawabu?"

"Hasa hizo," akajibu. "Yako ya maharage ilisimama kama nyingine zote. Mkeo ndiye aliyeifungulia. Sisi tulijua siku ileile. Wewe hakukwambia?"

Hukuniambia, Mama. Uliisoma pale maktaba ukiwa peke yako, njaa inakuuma, na barua yako ya upatanisho imekushinda. Ulikuwa na uwezo wa kuifuta, na ulikuwa na uwezo wa kunirudishia. Ukaiona inafaa kuliko ya kwako, ukaipitisha. Kisha ukaja nyumbani ukaniacha niombe radhi kwa kazi nzuri niliyoifanya! Nilicheka peke yangu kwenye kiti chako mpaka shemeji akadhani nalia. Pengine vyote viwili vilikuwepo.

Sasa ninajibu chini ya swali. Ninakata nisiyoyajibu. Chai yangu naipasha moto, wakati mwingine mara mbili.

Leo asubuhi amebisha mkutubi mgeni, wa maktaba ya shule. Rafu zake zinaonekana tupu kwenye kompyuta ilhali vitabu vimejaa. Barua yake ilianza kwa kuomba samahani kama yako, akisema hajui kama amefika mahali penyewe. Nimemfungulia. Chini ya maneno yake nimeandika, "Ndipo hapa. Karibu ndani." Kabla ya adhuhuri mkongwe na mwalimu walikuwa wameshaanza kumsaidia, pamoja.

Foleni iko tupu, Bawabu. Hakuna aliyelala nje.

Unakumbukwa na mimi mumeo; binti yako na mumewe; mwanao fundi umeme na mkewe; wajukuu zako, ambao bado wanaulizwa maswali kuhusu vitabu vyao, siku hizi na mimi; dada yako wa kitambaa; wakutubi wenzako wa maktaba ya mtaa; na wote wa orodha, walioomba waandikwe hapa chini, si juu.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Maharage yameiva.