Pesa za Mashine ya Boti

Baba,

Nimezoea kukuamkia kila nikikuona, na sasa sijui nianze vipi. Mungu akulaze pema. Mama bado yumo edani, hatoki nje, na kila anayepiga hodi nampokea mimi. Ndiyo maana nakuandikia. Ya leo siwezi kumlimbikizia Mama katika hali aliyonayo, na mwengine wa kumwambia sina.

Siku ya maziko, kabla hujatolewa, imamu alisimama uani akauliza kama yupo anayekudai, ajitokeze. Watu wote wale, hakuna hata aliyekohoa. Wanawake wakanishika mkono wakaniambia baba yako amekwenda mwepesi, nami nikafarijika. Kumbe walikuwa wanaona haya tu.

Hitma haijamalizika wakaanza kuja. Mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma, sauti chini kama wanaokuja kuomba dawa. "Mwanangu, kuna vijisenti vyangu kwa marehemu." Hakuna aliyesema vya nini, na mimi sikuuliza. Tangu macho yako yalipoingia ukungu mimi ndiye niliyekuwa nakusomea meseji pale kibandani kwetu pa kuchaji simu, nilijua. Watu wazima wanaoheshimika, hawawezi kuonekana Kilindoni kwenye duka la kubeti, wanakuletea simu kuchaji na pesa imekunjwa chini yake. Wewe unawawekea mikeka ya mechi kwa simu yako, ukitiki unawapa chao, ukichanika unawapa pole. Mwenyewe hukubeti hata mara moja. Ulikuwa ukisema, "Mimi nawabebea tu mzigo." Nilikuwa nikicheka.

Namba yako ya siri nilikuwa naijua. Nilitoa pesa zote kwa wakala nikamrudishia kila mtu chake. Simu yako lakini iliendelea kuita. Jumamosi mechi zikianza inalia mfululizo kwa mikeka uliyoiacha, huu umetiki, ule umechanika, kampuni ya kubeti ikikuita kwa jina lako ikupe hongera. Mama akaniomba niizime. Nikaizima.

Kisha akaja Ami Shaha.

Yeye hakupita nyuma. Alikuja mchana kweupe, akaketi barazani, akamsalimia Mama kwa sauti kupitia dirishani, akala muhogo niliomtengea mpaka akamaliza. Unajua, Baba, kwamba kikundi cha wavuvi kilimpa yeye awatunzie pesa za mashine ya boti. Tangu watu wa hifadhi ya bahari walipokataza nyavu za kokoro huku karibu, wavuvi wote roho yao iko kwenye mashine hiyo, wapate kwenda mbali. Na mimi nilikuwepo kibandani siku alipokuletea bahasha. Ulimuuliza, "Hizi si za mashine?" Akakujibu, "Zitarudi kabla hawajauliza." Mkeka ule ulichanika kwa timu moja. Wiki ile hukulala vizuri. Wiki iliyofuata kifua kikakubana.

Alipomaliza muhogo alifuta midomo, akaniambia taratibu, kama anayenifundisha sala: "Wakiuliza mashine nitasema pesa nilimwekesha baba yako. Wewe nyamaza tu. Maiti haoni aibu, mwanangu. Mimi nina watoto."

Nilimwambia sitanyamaza. Akasimama, akanishika kichwa kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, akaenda zake.

Maji yalipotoka asubuhi yake nilishuka kwenye shamba letu la mwani. Kamba zote zimekatwa, Baba. Si kwamba zimekatika. Zimekatwa kwa kisu, kigingi hadi kigingi, na mwani wote umechukuliwa na maji. Kamba za jirani wa huku na wa huku zilikuwa nzima. Nilisimama pale mpaka maji yakanifika magotini, natazama ufukweni kama kuna anayenitazama. Sikuona mtu. Laiti ningemwona.

Mama aliponibana nikamweleza yote. Akasema, "Mwache amsingizie aliyekufa. Baba yako hana la kupoteza tena. Sisi bado tunakula." Nilimkasirikia. Sasa simkasirikii.

Kikundi kilikutana baada ya alasiri, mbele ya ofisi ya kijiji. Ami Shaha alisimama akasema aliyoniambia, akalia. Machozi ya kweli. Nikaona watu wanaanza kutikisa vichwa, wanasema kumbe. Jina lako, Baba, likiwapita mdomoni namna ile. Nikainuka huko nyuma kwa wanawake, nikasema, "Pesa zile alizileta Ami Shaha mwenyewe ziwekewe mkeka, nami nikiona. Mkeka ukachanika. Kama baba yangu alikuwa mla amana, waseme niliowarudishia chao, wanajijua."

Wote wakatazama chini. Nani angekubali, mbele ya imamu, kwamba anabeti? Nikajua nimekwisha.

Aliyeinuka ni Mzee Makame, anayetuadhinia. Alisema, "Mimi nimerudishiwa changu," akakaa. Basi. Kisha akainuka mwengine, na mwengine. Ami Shaha hakukana. Alivua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni, akaondoka.

Wamempa muda alipe. Akishindwa watachukua minazi yake ya Kirongwe. Nilidhani yamekwisha.

Lakini kila nikienda kufungua kibanda namkuta ameshakaa nje. Hasemi neno. Namwamkia "shikamoo," haitiki. Anakaa mpaka nikifunga. Wateja wameanza kupeleka simu zao kwengine. Mkewe amerudi kwao na watoto.

Leo amesema. Aliweka kitambaa kilichofungwa mbele yangu, nikafungua. Hereni za dhahabu za mkewe. Sijui amezipataje, mwanamke yule hakuwahi kuzivua. Akaniambia, "Kauze, niwekee mkeka mmoja tu. Mmoja. Nirudishe mashine, nirudishe watu wangu." Nikamsukumia kitambaa chake, nikamwambia hapa tunachaji simu tu. Hakukasirika. Alitabasamu, mara ya kwanza tangu ulipoondoka.

"Baba yako naye," akasema, "mara ya kwanza alikataa hivyohivyo. Nilikuwa nakuja kila siku."

Hukuwahi kuniambia hilo. Kwa nini hukuniambia, Baba? Ilikuchukua muda gani kuchoka?

Lala salama, mzee wangu. Nakuombea kila sala, na Mama anakuombea. Kibanda sitakifunga, kwa sababu hatuna kingine. Naandika humo humo ndani, namsikia nje anakohoa, bado yupo. Nakuahidi kesho nitakataa tena.

Mwanao,
Mwanaisha