Samaki Wangu, Jina la Kayumba

Jumatatu, 19 Mei 2025. Reynoldsburg

Nimejiandikisha! Mashindano ya bass, mto Ohio, Louisville, tarehe 7 Juni. Mama kanipigia toka Bukavu — unashindana na basi, mwanangu? Si litakukanyaga! Nikamweleza bass ni samaki. Alicheka mpaka simu ikakatika. Mimi sikucheka. Kayumba naye atakuwepo.

Acha niandike, maana watu wote wamechoka kunisikiliza. Mwaka jana nilikuwa naishi Louisville. Mimi na Kayumba tulishindana pamoja, kwenye boti yake. Samaki mkubwa kuliko wote siku ile nilimvua mimi. Ndoano yangu, mikono yangu. Kayumba alishika wavu tu. Nilienda kuleta gari, kurudi — anapigwa picha na samaki wangu! Nikadhani anatania. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda: Mungu amemjalia samaki, na dada Aksanti alimsaidia kushika wavu. Makofi! Tangu siku ile naitwa Mama Wavu. Niliposema ukweli, mchungaji aliniambia wivu ni dhambi.

Bon. Nikahamia huku Reynoldsburg, kando ya Columbus. Kazi ya ghala ni ile ile, hapa ama kule. Ila roho haijahama.

Jumamosi, 24 Mei. Buffalo

Niko kwa dada yangu Séphora. Tumbo lake limekuwa kubwa, haoni tena miguu yake. Mume wake Methodi ana boti ya nguvu, ya ziwani, na yeye ndiye atakuwa mwenzangu. Mtu mwema, shemeji yangu, lakini anabisha! Ziwa Erie maji ni safi, unaona mawe chini. Leo upepo ulikuwa mkali. Narusha ndoano, natapika, narusha tena. Tumepata watatu.

Methodi anataka chambo kidogo, cha rangi ya maji, kivutwe polepole. Nikamwambia, shemeji, Louisville mvua inanyesha tangu Pasaka. Mto ni chai ya maziwa. Kule samaki haoni, anasikia tu. Hakukubali.

Mezani Séphora akaniuliza: unavua samaki, ama unavua Kayumba? Nikajibu, ndoano ni ile ile. Akaniongezea mboga ya sombe.

Alhamisi, 29 Mei. Reynoldsburg

Kazi. Miguu imevimba. Mto umepanda tena — nimeona video, miti mizima inapita chini ya daraja. Kwenye kundi la WhatsApp wengi wanasema samaki hakuna, tuahirishe. Kayumba kajibu: "Sisi wenye mto tunajua pa kwenda."

Mwenye mto! Nimenunua vyambo vyeusi, vinavyolia kama njuga.

Jumapili, 1 Juni. Louisville

Nimekuja na Methodi na boti. Kwa makusudi tumeingia majini wakati wa ibada, watu wote wakiwa ndani wanaimba.

Maji gani haya! Rangi ya kakao, yanakimbia, yanajizungusha. Gogo lilitugonga ubavuni, Methodi akaita Yesu. Asubuhi nzima hakuna hata mguso. Halafu nikajiuliza: ningekuwa samaki, ningesimama wapi? Si katikati, ningechoka. Ningejificha nyuma ya kitu. Tukaingia kijito fulani ambako mto umemeza vichaka vya kando, na kuna ukuta wa zamani unaozuia mkondo. Nyuma yake maji yamelala. Chambo cheusi, karibu kabisa na matawi — pa! Nikarusha tena — pa! Wanene! Methodi akavua kofia. "Shemeji, nimenyamaza."

Tumewarudisha wote majini. Jina la kijito siandiki, hata hapa.

Wakati tunatoa boti, Kayumba alikuwa gatini na suti yake ya kanisa, anachungulia. Hakunisalimu. Mimi nilimpungia mkono. Polepole, kama malkia.

Jumatano, 4 Juni. Reynoldsburg

Nimejizoeza mbele ya kioo. Nitapanda jukwaani na samaki wangu, nichukue kipaza sauti: "Kaka Kayumba, njoo utoe ushuhuda." Basi. Mara ya kwanza sauti ilitetemeka. Sasa haitetemeki.

Ijumaa, 6 Juni. Louisville

Mambo yamepinduka! Séphora ameshikwa na uchungu kabla ya wakati. Methodi amekimbilia Buffalo, boti kaniachia. Nimemwombea dada yangu kwa moyo wote.

Kisha mkutano. Waamuzi wanasema mto ni hatari, boti za mota ndogo haziruhusiwi. Ya Kayumba imekataliwa! Nilitaka kuruka. Lakini waliokataliwa wamegawiwa kwa bahati nasibu boti zenye nafasi. Kila mtu atapima samaki wake. Wakasoma majina. Kwenye boti yangu — Kayumba. Watu wakacheka nyuma yangu.

Akaja na mikono mifukoni. "Dada Aksanti, Mungu njo amepanga, si miye."

"Mungu apange. Weye utakaa nyuma."

Sasa nifanye nini? Nikimpeleka kijitoni, atavua samaki wangu tena, mbele ya macho yangu. Nikimpeleka kwenye maji matupu, narudi mikono mitupu na mimi. Nimesali. Jibu sikupata. Ama nilipata, nikakataa kulisikia.

Jumamosi, 7 Juni. Louisville

Ukungu. Wametuzuia, wanaachia boti moja moja. Naandika juu ya goti. Kayumba nyuma hanyamazi.

"Miye najua ulipata fasi ya samaki. Nionyeshe, donc. Kesho nitasema ukweli mbele ya kanisa, naapa."

"Ungesema mwaka jana."

"Unataka nipige magoti?"

"Kwenye boti? Tutapinduka."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Waamuzi wamepita kukagua majaketi ya kuokolea. La Kayumba lilikuwa limefungwa vizuri. Walipoondoka akalifungua, eti linambana tumbo. Huyu ni mtu wa milimani, amekua na ng'ombe. Kuogelea hajui. Aliniambia mwenyewe, zamani, tulipokuwa marafiki.

Huko mbele magogo yanapita, moja nyuma ya lingine.

Wameita namba yetu. Mota inanguruma. Ananiuliza tunaenda upande gani. Jaketi liko wazi, kamba zinaning'inia.

Nimeona. Bado sijasema kitu.