Mguu wa Kushoto Unakusifia

Kaka Mansuri, shikamoo.

Maharage yako jikoni, bado kutiwa nazi. Mama akirudi mwambie nimekwenda Kihonda kwa fundi Dadi, na nimechukua baiskeli yako. Usinune kabla hujamaliza kusoma.

Asubuhi wakati wa chai ulitutangazia tena kwamba kile kipimo cha nguvu za kukanyaga pedali alichokuazima fundi kinakupa wati mia tatu, na leo unakinunua kwa sababu ni cha bei nafuu. Unajua maneno yanavyonikwama mbele za watu, ndiyo maana nakuandikia. Nilikuwa nimesoma karatasi yake ya maelezo. Ni nafuu kwa sababu kinapima mguu wa kushoto peke yake, kisha kinazidisha mara mbili. Na wewe kaka yangu, tangu uteguke goti la kulia, mguu wa kushoto ndio unaobeba mwenzake. Kinakusifia kama bibi anavyomsifia mjukuu.

Jumapili ukianza mashindano ya kupanda mlima kwa kuamini namba hiyo, utakata pumzi kabla ya nusu ya njia, na goti litakulaza tena. Sitaki kukuona hivyo mara ya pili.

Fundi ana pedali za mtumba zinazopima kila mguu kivyake, bei hazipishani sana. Nitamwomba azifunge, uzijaribu leo jioni.

Namba itashuka. Nitakuwa pembeni yako ukiisoma. ~~Sitacheka.~~ Nitajitahidi nisicheke.

Mdogo wako,
Mwanvita