Kwa Pazi, Kuhusu Nyuzi za Hamira na Mtani Aliyelia

Pazi, mtani wangu,

Kama huko uliko wanatafuta mtu wa kuosha vichupa, usiseme unaijua kazi. Miaka sita tumeviosha vya yule Mzungu wa Mikocheni, tuliyempachika jina la Bwana Hamira kwa kuwa hakuchunguza kitu kingine. Sasa naviosha peke yangu. Mgongo umechoka, lakini kinachonichosha zaidi ni kwamba siku nzima hakuna wa kuniambia kuwa sie Wanyamwezi tulizaliwa na mzigo kichwani.

Naandika kwa sababu nilikukosea. Siku ya kukuzika, pale kwenu Mtoni, Wazaramo wote walikuwa wakinitazama mie, mtani. Kazi yangu ilikuwa kuvaa nguo zako, kutembea kwa matao kama wewe, kulizuia jeneza na kusema halipiti mpaka nipewe kuku. Badala yake nililia. Nililia mpaka mdogo wako Kondo akaninong'oneza, "Maganga, unatuaibisha. Waliaji tunao wa kutosha." Mama yako, Bi Zena, alisema polepole, "Mtani akilia, sie atatuchekesha nani?"

Toka siku ile mama hakucheka. Kondo aliniambia nguo zako kazifungia sandukuni, na amekataa zisigawiwe hata arobaini ikifika. Chakula anakionja tu. Nikajua deni ni langu.

Nikawa nawaza siku Bwana Hamira alipotugeuza nyuzi. Alikuwa anajiandaa kuwaeleza wageni wake jinsi hamira inavyozaa. Alisema ukiinyima chakula, chembe moja hujigawa ikatoa watoto wanne ndani ya kifuko kimoja. Hao tuliwaona kwenye hadubini, wamebanana kama sie chumbani Temeke. Urithi wao, akasema, umo katika nyuzi zinazokaa mbili mbili, mmoja wa upande wa baba na mmoja wa mama, na kila jozi lazima iachane, huyu huku na yule kule. Tukamwomba atuonyeshe. Akasema nyuzi za hamira ni ndogo mno, hata yeye hajaziona, ila za panzi zimeonekana. Ulisubiri ageuke ukasema, "Huyu anaapa kwa kitu hajakiona. Sie tukisema kisimani kuna jini, anacheka."

Akafunga kamba mbili langoni na mbili kwenye nguzo ya jiko. Akatufumba macho, maana uzi hauna macho, akatuambia kila mmoja ashike kamba yoyote aifuate. Tulizifuata wote mpaka jikoni, tukaangukiana ndani ya karai la sabuni. Bwana akafurahi sana. Alisema ndivyo mambo yanavyoharibika: mtoto mmoja anapata nyuzi zote mbili, mwingine anakosa, na aliyekosa haishi.

Mara ya pili akatuambia lazima kwanza tubadilishane vipande. Nyuzi mbili, akasema, hukatika mahali pamoja, kipande cha huyu kikaungwa kwa yule, na hapo zilipopishana ndipo zinaposhikana. Akakata mkono mmoja wa shati langu la kaki na mmoja wa shati lako la buluu, akatushonea kila mtu mkono wa mwenzake, halafu akatufunga pamoja kwenye mishono. Tuliposhika kamba za upande mmoja, fundo lililegea. "Legelege," akasema, "achieni, mshike nyingine." Uliposhika ya langoni na mie ya jikoni, tukakazana kama ngozi ya ngoma. "Hapo. Sasa kila uzi umejua upande wake." Akalikata fundo, na kila mmoja akaenda kwake kwa kishindo. Wewe ulikwenda mpaka ndani ya michongoma.

Ulitoka na miba ukasema, "Kumbe wasioshikana hawawezi hata kuachana vizuri. Huyu Mzungu kaeleza ndoa zangu zote mbili."

Basi arobaini yako ilipofika, nilikuja na kamba. Baada ya kisomo nikampa mama shikamoo, nikamwomba shati lako. Akalifungua sanduku. Alipouona mkono wa kaki akasema, "Hili ndilo lile. Mwanangu alitoka hapa mzima, akarudi nusu Mnyamwezi."

Nikalivaa. Nikatembea kwa matao, nikakohoa kikohozi chako cha kukwepa kazi, nikausifu wali kabla haujaiva. Watu wakaanza kutabasamu. Nikafunga kamba pande mbili za ua, nikamfumba macho Kondo nami nikajifumba, tukajifunga pamoja, kila mmoja akashika kamba, tukavuta. Unadhani tulikwenda wapi? Wote wawili kwenye mkeka wa masheikh. Mmoja alishika sahani yake juu kama mtu aliyeona mafuriko.

Hapo nikasikia sauti ya mama kutoka mlangoni: "Legelege. Achieni, mshike nyingine." Kumbe ulimsimulia. Alikuwa anacheka, Pazi. Alicheka mpaka akakaa chini, na kule chini kicheko kikageuka kilio, kile ambacho alikuwa hajakilia sawasawa. Sikumzuia. Alipomaliza alisema, "Haya, mwacheni aende," akaleta sanduku zima uani. Kanzu kachukua Kondo. Shati kanipa mie. Akamaliza sahani ya wali na kuomba nyingine.

Bwana Hamira anarudi kwao mwakani, nami nitapanda treni nirudi Tabora, nikiwa na mambo yako mengi mwilini: napenda samaki, naongea kwa mikono, na nikisikia ngoma siwezi kukaa kitako. Kwetu watanishangaa. Kondo ameapa kuwa nikifa atakuja hukohuko kulizuia jeneza langu, japo ni Mzaramo na safari ni ndefu, kwa hiyo simtegemei sana. Mie ahadi yangu ni hii: kabla sijaondoka, kila Ijumaa nitapita kaburini kwako nikutukane vizuri, kwa sauti, mama yako asikie.

Pumzika, Pazi. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kukuona ukiifanya bila kulalamika.

Mtani wako,
Maganga