Simu Iliyovaa Sweta

Kwako mjukuu wangu Kidole, mke mwenzangu,

Salamu zangu zikukute umekaa, si umesimama, maana najua ulivyo mbishi wa kupumzika. Hujambo? Mshono wa tumbo umekauka? Maziwa yanatoka? Na huyo bwana mdogo, kitukuu changu, anakojoa vizuri? Mtoto anayekojoa ni mzima, mengine ni maneno ya madaktari. Mimi sijambo. Magoti yananikorofisha, lakini hayo tumeshazoeana.

Anayeandika hapa ni jirani yangu Mama Pacha, kwa kuwa mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asininyooshee maneno. Ungeuliza kwa nini sikupigi simu, na kifaa kimeshapona. Kwanza kuna kifurushi kinakuja, na kifurushi bila maneno ni kama mgeni asiyepiga hodi. Pili, kuna jambo nimeshindwa kulisema kwenye simu, kwa sababu jambo lenyewe ni la hiyo simu.

Unajua mjomba wako aliniletea simu hii ya kugusa ili nikuone wewe na tumbo lako. Ilipofika niliipenda, nikaifumia sweta. Usicheke. Mimi nimefuma masweta ya shule maisha yangu yote. Kitu kikiingia nyumbani kwangu bila nguo, mikono inawasha. Nilitumia uzi mweupe wa sufi uliobaki, pindo nikalitia buluu, nikaacha tundu dogo la kuchungulia.

Basi ulipojifungua kabla ya wakati na mtoto akawekwa kwenye kile kisanduku cha kioo, simu nayo ikaanza kupata homa. Ukiishika unadhani nimeitoa jikoni. Kioo kinajizima chenyewe, mara kinawaka kikiwa na maandishi. Mama Pacha akanisomea kwamba simu imepata joto kupita kiasi, iachwe ipoe. Nikamwambia kama ni joto hata mimi ninalo, na hakuna anayeniacha nipoe.

Halafu ikafa. Na haikuchagua siku nyingine, ikafa asubuhi ileile uliyoniambia kuwa madaktari watamtoa mtoto mipira ya puani, ionekane kama mapafu yake yataweza kazi au yatashindwa. Namba zenu zote zimo humo ndani ya simu, kichwani mwangu hamna hata moja. Nikabaki nimekaa kitandani na kipande cha kioo cheusi mkononi, sijui kama nina kitukuu au sina. Mjukuu wangu, nimezika watu, lakini sijawahi kukaa hivyo.

Nikajifunga kitambaa nikaenda kwa fundi, yule wa chumba kidogo kilichobanana na kinyozi. Nilikuta watu wamejipanga, nikawapita wote. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele akaguna kwamba wazee wa siku hizi hawana foleni. Nikamjibu kuwa foleni yangu mimi ni ya kwenda kaburini, na hiyo akitaka namwachia nafasi. Akasogea.

Fundi ana bisibisi nyembamba kama sindano ya kufumia soksi, na kile kioo cha kukuza anachokibana jichoni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuivua simu sweta lake. Nikanuna. Akaanza kunihoji kama daktari: naichaji huku naitumia? Naiweka juani? Naiweka chini ya mto? Kuna kitu naachia kinacheza muda mrefu? Nikajibu hapana, hapana, mpaka hapana zikaniishia. Nikamwambia simu yangu haina kazi yoyote, inapokea tu.

Alipoifungua akakuta betri imevimba kama shavu lenye jino bovu. Kwenye tundu la chaji akachomoa donge la sufi, akaliweka juu ya meza, tukabaki tunaliangalia. Akasema nina bahati, betri ya namna ile huweza kushika moto. Akaweka nyingine, akapuliza, akafuta, akaiwasha. Ikawaka. Baada ya kitambo, mtandao uliporudi, ujumbe wako ukaingia, ule wa sauti. Fundi akaubonyeza, na kila mtu mle ndani akakusikia ukisema, "Bibi, wamemtoa mipira. Anapumua mwenyewe. Msikie."

Tukamsikia. Kilio chembamba kama mlango unaodai mafuta. Yule mwanamke niliyempita ndiye aliyenipa kiti.

Nilipokupigia palepale, ukauliza kwa nini sauti yangu iko vile. Nikakwambia nina mafua. Sikuwa na mafua. Na zaidi ya hapo kuna nililolificha kwako, kwa fundi, na kwa huyu anayeandika.

Ile video uliyonitumia, mtoto akiwa ndani ya kioo na kifua chake kinapanda na kushuka, nilimwomba mjomba wako aifanye ijirudie yenyewe, isiishe. Akafanya, akaenda zake akidhani ni ya kutazama jioni moja. Mimi sikuizima tena. Niliivalisha sweta, nikaiingiza kifuani ndani ya blauzi, nikajifunga khanga juu yake. Nilipika nayo, nilifuma nayo, nililala nayo, na waya wa chaji ukinifuata kitandani. Wewe nawe ulizaliwa njiti, mrefu kama kidole, ndipo jina likatoka. Hapakuwa na kisanduku cha kioo. Palikuwa na kifua changu. Nilikufunga hapa ngozi kwa ngozi mpaka ukakubali kuishi. Sasa wa kwako yuko mbali, hawaniruhusu kumshika, ningefanya nini? Kila simu ilipozidi joto nilijiambia mtoto anashika joto vizuri, anakubali. Joto lile lililokuwa linaiua simu ndilo lililokuwa likinipa usingizi.

Hapa Mama Pacha ameweka kalamu chini. Nimemwambia aichukue, na ajifute kabla karatasi haijalowa.

Fundi alijua. Simu ina mahali inapomtaja anayeila chaji, na kabla ujumbe wako haujaingia aliifungua video ile kuijaribu, kisha akaisimamisha. Kifua cha mtoto kikabaki juu, hakikushuka. Nikamkamata mkono kwa nguvu, bisibisi ikaanguka.

"Usimsimamishe," nikamwambia.

Akaniangalia usoni, akaangalia lile donge la sufi juu ya meza, akaelewa. Hakucheka. Akaiachia video, kifua kikashuka. Akaniambia taratibu, "Bibi, simu hupumua kwa ngozi yake. Ukiifunika unaikaba. Mtoto mfunike, simu iache." Tukaiacha hivyo, inacheza juu ya meza, hakuna aliyethubutu kuizima, mpaka sauti yako ilipoingia. Ndipo nilipoizima mwenyewe, kwa kidole changu. Sikuogopa tena, maana nilikuwa nimeshamsikia akilia.

Basi hilo ndilo. Ukitaka kucheka, cheka, ila shika mshono.

Simu siku hizi inakaa uchi juu ya kabati, mbali na jua na jiko, baridi kama bati la asubuhi. Ikichajiwa haiguswi. Sweta lake nimelifumua lote, nikaufua uzi kwa maji moto, nikaufuma upya. Fungua kifurushi, utaona kofia nyeupe yenye pindo la buluu. Nimeipitisha shavuni mwangu kila upande, haina fundo la kumchoma. Wauguzi wakisema ni kubwa waambie ataijaza, ukoo wake hauna vichwa vidogo.

Mvalishe, umweke kifuani, ngozi kwa ngozi, ujifunge. Mimi zamu yangu nimeimaliza. Shika yako.

Nisalimie mumeo, mwambie apike mwenyewe, haumwi mikono. Wasalimie wauguzi wote, hata yule uliyesema ni mkali. Wakali ndio hawasinzii zamu. Mama Pacha anakusalimu, pua yake nyekundu. Mtoto mbusu utosini, polepole, pale panapodunda.

Ni mimi Bibi yako. Dole gumba hilo hapo chini ni langu, na wino umegoma kutoka kidoleni.